Dialisisi ya mashine na dialisisi ya tumbo, nimetumia zote mbili na haya ndo maoni yangu

Naandika hii kwa ajili ya yule ambaye daktari kamwambia figo zimefika mwisho na sasa hivi yupo macho usiku anatafuta majibu, na kila anachosoma kinazidi kumtisha. Mi nilianzia mashine kwa dharura, nikawekewa mpira shingoni, baadae nikahamia dialisisi ya tumbo, yaani ile ya kuingiza maji maalumu tumboni yavute uchafu, nikakaa nayo miaka kadhaa, na sasa nimerudi mashine ila safari hii kwa fistula ya mkononi, yaani mishipa miwili ya damu iliyounganishwa kwa upasuaji. Kwahiyo sio habari za kusimuliwa.

Niseme mapema msimamo wangu. Mtu anayeanza, ambaye bado anakojoa hata kama ni kidogo, na tumbo lake halijapasuliwa pasuliwa sana, mi ningemwambia aanze na ya tumbo. Lakini kuna kitu nakiona kikubwa kuliko hata hilo la kuchagua mashine au tumbo, nacho ni njia ya kupitishia hiyo damu au hayo maji, yaani mpira au fistula, imetengenezwa lini na inatunzwaje. Hapo ndo wengi tunaumia, na hapo ndo sitapita haraka.

Kwanza tuelewane dialisisi inafanya nini maana watu wanakuja na matumaini tofauti tofauti. Inatoa uchafu kwenye damu, urea na kreatinini na vinginevyo, inatoa potasiamu iliyozidi, inatoa maji ambayo mkojo umeshindwa kuyatoa. Basi, ni hayo. Haiponyi figo. Figo zina kazi nyingine ambazo mashine haizijui, zinatengeneza homoni ya kuongeza damu, ndo maana utachomwa sindano za erithropoietini na kuongezewa madini ya chuma, zinaweka sawa vitamini D ili mifupa isimame, na fosfeti inayotolewa na dialisisi ni kidogo ukilinganisha na inayoingia kwa chakula ndo maana kuna vidonge vya kuizuia hiyo fosfeti, vya kumeza pamoja na chakula, sio kabla sana wala baadae, pamoja na chakula. Ukimwona mtu wa dialisisi anajikuna mpaka anatoka vidonda mara nyingi kutomeza hivyo vidonge na fosfeti kuzidi kuna mkono hapo. Na jamani tusichanganye, kuna figo kufeli ghafla, mtu kapoteza maji mengi au kapata maambukizi makali au sumu, huyo anaweza kusafishwa damu kwa wiki chache figo zikarudi akaendelea na maisha yake. Ninayoongelea mi ni ile ya kudumu, ya figo zilizokwisha taratibu kwa sukari au presha au sababu nyingine.

Haya, mashine. Unaenda kituoni, kawaida mara tatu kwa wiki, masaa manne hivi kila ukienda. Unapimwa uzito, presha, unakaa kwenye kiti, damu inatoka kwa mpira mmoja inapita kwenye chujio inarudi kwa mpira mwingine. Ndani ya lile chujio kuna nyuzi nyembamba maelfu kwa maelfu zenye matundu, damu inapita ndani ya nyuzi na maji yenye chumvi maalumu yanapita nje yake, uchafu unahama kutoka kwenye damu kwenda kwenye maji. Damu inayokuwa nje ya mwili kwa wakati mmoja ni kidogo tu, haifiki hata nusu lita, kwahiyo wale wanaoogopa kwamba wanakaushwa damu watulie. Kitu ambacho watu hawakifikirii ni maji. Sesheni moja inatumia maji kama lita 120, na yote yanapita jirani kabisa na damu yako, kwahiyo lazima yachujwe kwa mitambo mpaka klorini na madini na bakteria viondoke. Maji yakiwa mabaya wagonjwa wanaumia chumba kizima kwa siku moja. Kwahiyo ukienda kuangalia kituo usiishie kusifia viti na televisheni, uliza maji yao yanapimwa kila baada ya muda gani na nani anapima. Kituo kizuri hawakasiriki ukiuliza hilo.

Uzuri wa mashine kituoni ni kwamba kazi yote wanafanya wengine. Wewe unaleta mwili tu. Manesi wanakufahamu, wakikuona umekuja umevimba macho wanajua kabla hujapanda mzani, na wale mnaokaa nao zamu moja mnakuwa ndugu kabisa, mnaulizana hali, mtu asipokuja mnapiga simu. Kwa mtu anayeishi peke yake, au ambaye macho na mikono haina nguvu, hii sio kitu kidogo. Na siku za katikati hakuna cha kufanya nyumbani zaidi ya kumeza dawa na kujichunga.

Ubaya sasa. Siku ya mashine imeliwa. Masaa manne ukiongeza kwenda, kusubiri, kubanwa pamba mpaka damu ikate, kurudi, na ukifika nyumbani wengi tunalala kwa uchovu mpaka jioni. Wengine wanapona haraka wengine mpaka kesho yake. Maji ya siku mbili au tatu yanatolewa kwa masaa manne, ukija na kilo nyingi presha inashuka, kichwa kinazunguka, misuli ya mguu inakaza mpaka unapiga kelele. Hapa nimejifunza kitu kimoja na nakisema kwa kila mtu mpya, hesabu inajulikana, inashauriwa maji yasitolewe zaidi ya mililita 13 kwa kila kilo ya mwili kwa saa moja. Mtu wa kilo 60 hapo ni kama mililita 780 kwa saa, kwa masaa manne ni lita tatu na kidogo. Ukija na lita tano unamlazimisha nesi achague kati ya kuuchosha moyo wako au kukuacha na maji. Suluhisho sio kumbembeleza akukazie mashine, ni kukaa muda mrefu zaidi au kuongezewa siku, na kupunguza chumvi. Nasema chumvi sio maji kwa makusudi, maana kiu inaletwa na chumvi, ukila chumvi nyingi afu ukaambiwa usinywe maji hiyo ni adhabu, hakuna anayeiweza. Lita moja ya maji ni kilo moja kwenye mzani, mzani hauongopi.

Afu kuna lile pengo la wikendi. Ratiba ya mara tatu kwa wiki lazima sehemu moja iwe na siku mbili za kupumzika mfululizo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka 2011 ulionyesha vifo na kulazwa kwa matatizo ya moyo vinapanda siku inayofuata baada ya hilo pengo refu. Sisemi hili kutishana, nasema ili zile siku mbili ndo uwe makini kuliko zote na potasiamu na maji, maana wengi tunafanya kinyume, wikendi ndo sherehe ndo tunajiachia. Ukiona pumzi inakata ukilala chali, au miguu imekosa nguvu ghafla, au moyo unaruka ruka, usisubiri siku yako ya zamu, nenda hospitali hapo hapo.

Kuruka sesheni na kukatisha muda nayo nimeiona sana, mtu anamwambia nesi nitoe nusu saa mapema nina haraka. Nusu saa kila sesheni kwa mwezi ni kama umekosa sesheni nzima na nusu. Na kipimo kipo, uliza urea yako inashuka kwa asilimia ngapi kabla na baada, inatakiwa ianzie 65 kupanda, au ile namba wanaita Kt/V, inayoonyesha damu imesafishwa kiasi gani, isiwe chini ya 1.2 kwa anayesafishwa mara tatu kwa wiki. Ziandike kwenye daftari lako mwenyewe. Ukiona zinashuka na hujapunguza muda, shida inaweza kuwa kwenye mpira au fistula.

Na hapo tunafika kwenye kile nilichosema ni kikubwa kuliko vyote.

Mashine ya dialisisi iliyofanya kazi kwa binadamu ilitengenezwa na daktari Willem Kolff kule Uholanzi wakati wa vita, mwaka 1943, na 1945 alimpata mgonjwa wake wa kwanza aliyepona, mama wa miaka 67. Lakini kwa miaka mingine kumi na tano watu wenye figo zilizokufa kabisa waliendelea kufa tu wakati mashine ipo. Kwa nini? Kwa sababu kila mara walipotaka kumsafisha mtu ilibidi wamkate mshipa mpya, na mishipa inaisha. Mpaka 1960 Belding Scribner kule Seattle alipoweka mpira wa plastiki laini unaobaki mkononi, ndo mtu akaweza kurudi tena na tena, na mgonjwa wake wa kwanza, Clyde Shields, akaishi miaka 11 zaidi. Afu 1966 madaktari wa New York, kina Brescia na Cimino, wakatoa ile mbinu ya fistula ambayo mpaka leo ndo tunayoitumia. Yaani mashine ilikuwepo, kilichokuwa kinaua ni kukosa njia. Na mpaka leo ukikaa kwenye viti vile ukasikiliza nani kalazwa na kwa nini, nusu ya hadithi ni njia, mpira umepata maambukizi, mpira umeziba, fistula imegoma.

Njia zenyewe ziko tatu. Mpira wa shingoni au kifuani, huu unatumika siku hiyo hiyo kwahiyo ndo wa dharura, ila ncha yake moja imekaa karibu na moyo na nyingine iko nje kwenye hewa, kwahiyo bakteria ana barabara ya moja kwa moja mpaka kwenye damu. Ukiwa nao huogi upendavyo, hauloweshi, na ukipata homa na kutetemeka hasa ukiwa kwenye mashine sema pale pale usijikaze. Mi niliishi na huo mpira na kila nilipopata baridi kidogo tu nilikuwa siwezi kulala kwa mawazo. Njia ya pili ni fistula, daktari wa upasuaji anaunganisha mshipa unaotoa damu moyoni na ule unaorudisha, ule wa kurudisha unapanuka na kuwa mgumu mpaka unachomeka sindano kubwa. Hii ndo bora kwa wengi, maambukizi machache na inadumu miaka mingi, ila haiko tayari kesho, inataka wiki sita mpaka miezi mitatu kukomaa na nyingine hazikomai kabisa inabidi warudie. Ya tatu ni kupandikiza kimpira cha plastiki chini ya ngozi kwa wenye mishipa midogo, hicho kinaweza kutumika baada ya wiki mbili tatu ila kinaziba haraka kuliko fistula.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Kama fistula inataka miezi na inaweza kushindwa mara ya kwanza, basi inatakiwa ifanyike karibu nusu mwaka au zaidi kabla hujaihitaji. Ila wengi tunaambiwa siku tunayofika tumevimba tunatapika. Kwahiyo kama unasoma hii na figo zako bado zina asilimia ishirini hivi, usiseme mi bado sijafika huko. Uliza leo. Na linda mishipa yako, mkono usiotumia kuandikia mwambie anayekutoa damu asiuguse, akuchome nyuma ya kiganja. Ni kitu kidogo lakini nimeona watu wamefika kwa daktari wa upasuaji mishipa yote imeharibiwa na dripu za miaka iliyopita.

Mzee mmoja niliyekuwa nakaa naye kiti jirani ndo alinifundisha kuishika fistula. Akanishika vidole akaviweka juu ya kovu lake akaniambia, "Mwanangu, ukiamka asubuhi kabla hujafanya lolote weka vidole hapa, usiku kabla hujalala weka tena." Ilikuwa inanguruma chini ya ngozi kama paka aliyelala. Ule mtetemo ndo damu inapita, siku ukiukosa sio siku ya kusubiri, unaenda hospitali saa hiyo hiyo maana ikiwahiwa inaweza kuzibuliwa. Mkono ule haupimwi presha, hautolewi damu ya vipimo, haubebi mzigo kwa kuning'iniza, hauulalii, hauvai saa ya kubana. Na ikitokea inavuja damu nyumbani, unabonyeza pale pale kwa kidole kwa nguvu, unanyanyua mkono juu, unaita msaada, usifunge tu kitambaa ukakaa.

Sindano zinauma? Ndio, wiki za mwanzo zinauma, ni kubwa. Kuna dawa ya kupaka ya ganzi uliza. Baadae ngozi inazoea, mi sasa naangalia wakati zinaingia.

Haya tuje kwenye ya tumbo, ambayo kwa kweli inaumiza roho kuona watu wengi hawaambiwi kabisa kama ipo. Ndani ya tumbo kuna utando umefunika utumbo, una mishipa midogo ya damu mingi sana. Unawekewa mpira laini tumboni kwa upasuaji mdogo, unasubiri kama wiki mbili kidonda kikauke, baada ya hapo unaingiza maji maalumu kama lita mbili, yanakaa masaa kadhaa yanavuta uchafu na maji kupitia huo utando, unayatoa unaingiza mapya. Mara nne kwa siku hivi, kila moja inachukua nusu saa au zaidi kidogo. Hii ya kubadilisha kwa mkono ilianza miaka ya 1970 na haihitaji umeme wala mashine wala sindano. Kuna na ya mashine ndogo ya usiku, inakubadilishia wakati umelala masaa nane mpaka kumi, mchana unakuwa huru. Hong Kong tangu 1985 sera yao ni kwamba mgonjwa anaanzia tumbo kwanza, isipokuwa awe na sababu ya kutoweza, kwahiyo anayekwambia hii ni ya daraja la pili hajui anachosema.

Kinachonifanya niipende ni mwili unavyojisikia. Unasafishwa kila siku polepole, hakuna kupandishwa na kushushwa, ile kuchoka ya siku ya mashine nilisahau kabisa ipoje. Chakula kinalegea kidogo hasa upande wa potasiamu, baadhi yetu tulipunguziwa masharti ya matunda. Na mkojo ulionibakia ulidumu. Hili la mkojo watu wanalidharau lakini figo zikibaki na uwezo kidogo tu wa kutoa nusu lita kwa siku maisha ni tofauti kabisa, na ya tumbo inajulikana kuulinda huo uwezo vizuri zaidi kuliko mashine kwa miaka ya mwanzo. Ila na wewe ulinde, dawa za maumivu aina ya ibuprofeni na diklofenaki zinaumaliza, usimeze bila kumuuliza daktari wa figo. Kusafiri nako, unabeba mifuko yako au inatangulizwa unakokwenda, hutafuti kituo chenye nafasi.

Nieleze ubadilishaji wenyewe ulivyo maana ndo watu wanaogopa. Unafunga mlango na dirisha, unazima feni, hakuna kuku wala paka wala mtoto chumbani. Unavaa barakoa. Unanawa mikono kwa sabuni kwa utaratibu, katikati ya vidole, kucha, mpaka kwenye viwiko, unakausha kwa kitu safi. Mfuko uwe umepashwa moto kwa kifaa kikavu, sio kulowekwa kwenye maji ya moto. Unaangalia tarehe, nguvu ya sukari iliyomo kwenye maji yake, kama unavuja. Unaunganisha, na hapo kuna sekunde chache tu ncha ya mpira iko wazi, ndo sekunde zenye hatari yote, nesi aliyenifundisha alikuwa anasema hapo usiongee, usikohoe, usijibu simu, na ukigusa ncha kwa bahati mbaya funga na utupigie. Maji ya zamani yanashuka kwenye mfuko wa chini. Unaunyanyua kwenye mwanga, unaweka gazeti nyuma yake. Ukiweza kusoma maandishi, uko salama. Yakiwa na ukungu huwezi kusoma, hata kama tumbo haliumi bado, hayo ni maambukizi mpaka ithibitike vingine, unachukua ule mfuko unaenda nao hospitali saa hiyo, usingoje kukuche. Dawa wanaweka mara nyingi ndani ya maji yenyewe ya tumbo na ukiwahi unapona bila kupoteza mpira.

Ubaya wake sasa, maana sitaki mtu aje kuniambia nilimdanganya. Ni kila siku. Hakuna sikukuu, hakuna leo nimechoka. Nyumba inajaa maboksi, mzigo wa mwezi unachukua kona nzima ya chumba na lazima pawe pakavu. Maji yana sukari, ndo inayovuta maji kutoka mwilini, kwahiyo sehemu ya hiyo sukari inaingia kwako, unaongezeka uzito, na mwenye kisukari anabidi arekebishiwe dawa. Kadri unavyotumia mifuko yenye sukari kali ndivyo utando unavyochoka haraka. Protini inatoka na maji kila siku kwahiyo lazima ule protini ya kutosha, tofauti na ulivyokatazwa kabla hujaanza. Ukifunga choo mpira unagoma kutoa maji, hiki kitu hakina heshima yoyote kukiongea ila ndo sababu namba moja ya kuhangaika usiku, kwahiyo dawa ya kulainisha choo iwepo nyumbani. Tumbo linakuwa kubwa kidogo na kwa wengine, hasa akina dada vijana, ule mpira unawasumbua kimawazo kwenye mambo ya chumbani, liongeleeni na mwenzi wako mapema na hata na nesi, wameshazoea hayo maswali.

Na haidumu milele. Mi utando ulifika mahali sukari inanywewa na mwili haraka mno, maji yanaingia lita mbili yanatoka yale yale au pungufu, miguu ikaanza kuvimba. Hiyo sio kosa la mtu, ndo utando unavyokuwa baada ya miaka.

Mashine nyumbani ipo pia, sijaitumia kwahiyo nasema kwa kifupi. Unafundishwa wewe na mtu wako kwa wiki kadhaa, unahitaji umeme wa uhakika, maji na sehemu ya kumwaga, na faida yake ni kwamba unaweza kujisafisha mara nyingi zaidi au usiku kucha polepole, jambo ambalo kwa moyo na presha ni zuri. Na vituoni kuna aina inayoitwa hemodayafiltresheni, inasafisha na kuchuja kwa maji mengi zaidi kwa wakati mmoja, utafiti wa Ulaya uliotoka 2023 ulionyesha waliotumia hiyo kwa kiwango kikubwa walikufa wachache kuliko wa mashine ya kawaida. Kituo chako kikiwa nayo uliza kama inakufaa.

Kupandikiza figo kunashinda dialisisi zote kwa anayefaa, hilo halina mjadala, na figo ya ndugu aliye hai ndo inayodumu zaidi, na inawezekana hata kupandikizwa kabla hujaanza dialisisi kabisa. Dawa za kuzuia mwili usiikatae figo ni za kila siku maisha yote. Anza vipimo mapema, usisubiri uzoee kiti.

Na kuna jambo la wazee wetu ambalo naona tunaliogopa kulisema. Mzee wa miaka themanini na kitu, moyo umechoka, hajitambui vizuri, hatoki kitandani, kwake dialisisi inaweza isimuongezee maisha mengi na ikamlia siku zote alizobakiza kwenye barabara na sindano. Kumtunza kwa dawa za pumzi, maumivu, kichefuchefu, kuwasha, akiwa kwake na wajukuu, nayo ni tiba, madaktari wa figo wanaitambua na ina mpango wake. Mkae naye mumuulize yeye anataka nini. Kama bado kuna mashaka, mnaweza kuomba majaribio ya wiki kadhaa afu mkaangalia kama yanamsaidia.

Swali ninaloulizwa sana ni lini kuanza. Sio kwa namba ya kreatinini peke yake. Kulikuwa na utafiti wa Australia na New Zealand, matokeo yake 2010, waligawa watu, wengine waanze mapema figo zikiwa bado zina uwezo kidogo wengine wasubiri mpaka dalili zije au uwezo ushuke zaidi, na waliowahi hawakuishi zaidi ya waliosubiri. Kwahiyo kama unakula, unalala, huvimbi, potasiamu iko sawa, huna haja ya kukimbizwa. Ila kusubiri huko kunafaa tu kama njia yako imeshatengenezwa iko tayari. Kusubiri bila fistula wala mpira wa tumbo ni kujipeleka kwenye mpira wa shingoni.

Ukienda kuangalia kituo, nesi mmoja anahudumia wagonjwa wangapi kwa wakati mmoja, wenye homa ya ini aina B wana mashine yao ya pembeni au wanachanganywa, na wewe umechanjwa hiyo chanjo au bado, umeme ukikatika katikati inakuaje, daktari wa figo anapita lini, sindano za kuongeza damu na vipimo vya kila mwezi vimo kwenye malipo au ni pembeni. Na uliza wangapi hapo wanatumia fistula na wangapi mpira. Ukiona karibu kila shingo ina mpira na watu wamekaa nao miaka, uliza kwa nini, na sikiliza jibu vizuri.

Kuhama inaruhusiwa, toka mashine kwenda tumbo, toka tumbo kwenda mashine, hakuna aliyekufungia. Mi daktari wangu alipoona maji yanaanza kupungua kutoka tumboni alinipeleka kutengenezewa fistula wakati huo huo, bado natumia tumbo, nikawa naishika kila asubuhi inakomaa taratibu wakati maboksi bado yapo kwenye kona. Siku utando ulipogoma kabisa nilienda kituoni nikanyoosha mkono wakachoma, shingo yangu hawakuigusa tena. Kama uko kwenye njia yoyote sasa hivi na unaona dalili inachoka, muombe daktari wako akuandalie inayofuata kabla hiyo haijafa.